Kula vyakula vya baharini Korea: mwongozo kamili, kuanzia tangini hadi mezani

Ukishuka kituo cha Jagalchi, njia namba 1 ya treni ya chini ya ardhi ya Busan, ukatokea mlango wa 10, pua itafika sokoni kabla ya macho. Hili ndilo soko la samaki linalojulikana kuliko yote Korea Kusini. Jina lake limetokana na jagal, yaani changarawe, kwa sababu ufuo huu zamani ulikuwa wa vijiwe. Wakati wa vita vya 1950 hadi 1953 wakimbizi walijazana Busan, na akina mama wengi wakaanza kuuza samaki hapa ili watoto wapate kula. Mpaka leo wauzaji wengi ni wanawake, mabuti ya mpira miguuni na kisu mkononi, na mji mzima unawaita kwa heshima Jagalchi ajime, yaani akina mama wa Jagalchi.

Nimekula sana Busan, na Seoul pia, na nimewapeleka mezani wageni wengi kutoka nyumbani: wanafunzi, mabaharia, watu waliokuja kwa mikutano ya siku tatu. Wengi wao walikuwa wameshaumizwa na bei mahali fulani, au walikula kitu ambacho hawakukitaka kwa sababu hawakujua kuuliza. Ndiyo maana naandika kwa urefu. Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni kwamba mlo wa samaki Korea unaamuliwa mbele ya tangi, samaki akiwa bado anaogelea. Bei, uzito, namna ya kupikwa, hata kama mtashiba au la, yote yanapangwa pale. Ukishavua viatu na kukaa, umeshachelewa.

Hatua ya 1: Jua unaingia mahali pa namna gani

Kuna aina tatu kuu, na kila moja ina desturi zake.

Ya kwanza ni hwetjip (횟집), mkahawa wa samaki mbichi. Utautambua kwa matangi ya maji yaliyopangwa mbele ya mlango, samaki wakizunguka ndani. Hapa unanunua sahani nzima kwa bei ya menyu, na kabla samaki hajafika meza inajazwa vyakula vidogo vidogo: supu ya mwani, mahindi ya siagi, samaki mdogo wa kuchoma, kome, viazi vitamu. Ni ghali kuliko sokoni, lakini hakuna kujadiliana na mtu, na ukiwa na wazee au wageni wa heshima ndipo pa kuwapeleka.

Ya pili ni soko, ambako unamnunua samaki chini na kumla ghorofani. Jagalchi ni hivyo: ghorofa ya kwanza matangi, ya pili meza. Jengo kuu hufungwa Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi, kwa hiyo tazama kalenda kabla hujatoka. Seoul ina Noryangjin, soko lililoanza 1927 karibu na kituo kikuu cha reli, likahamia lilipo sasa mwaka 1971, na jengo jipya likaanza kutumika 2016. Treni za njia namba 1 na namba 9 zinakufikisha.

Ya tatu ni mkahawa wa chakula kimoja. Mmoja unachoma kombe na chaza kwenye makaa basi, mwingine unauza kaa waliolowekwa kwenye sosi ya soya, mwingine samaki wa kuchoma na wali. Kwa mtu ambaye hajawahi kula samaki mbichi, nashauri aanzie hapa.

Kama uko peke yako, soma vizuri. Sahani nyingi za samaki Korea ni za meza, si za mtu. Menyu ikiandika 2인 이상, maana yake ni watu wawili au zaidi, na ukiwa mmoja utalipa ya wawili au utaombwa radhi mlangoni. Hawakubagui, ndivyo chakula chenyewe kilivyo. Mtu mmoja anakula vizuri kabisa akiagiza hwedeopbap, bakuli la wali lenye vipande vya samaki mbichi na mboga unalochanganya mwenyewe, au jeonbokjuk, uji wa mchele uliopikwa na jeonbok, konokono mkubwa wa baharini mwenye gamba bapa linalong'aa ndani. Wengi wa jeonbok hao wanafugwa Wando, kusini mwa nchi. Uji huo Wakorea humpa mgonjwa anayeanza kupata nafuu, na hata aliye mzima anaufurahia.

Hatua ya 2: Uliza ni msimu wa nini

Mkorea hakuulizi unapenda samaki gani. Anakuuliza sasa hivi ni mwezi gani. Kuna msemo wao: dodari wa masika, jeoneo wa vuli. Dodari ni samaki bapa. Jeoneo ni samaki mdogo wa ukoo wa sardini, mwenye miiba mingi na mafuta mengi, na wanasema harufu yake ikiwa motoni humrudisha hata mkamwana aliyekimbia nyumba ya wakwe. Mtu anayejua udhia wa ukweni ataelewa sifa hiyo ni kubwa kiasi gani.

Majira yao ni manne, na kwa ufupi yako hivi. Machi hadi Mei, kula kaa jike wa aina ya kkotge akiwa na mayai, na jukkumi, pweza mdogo wa kichwa kilichojaa. Vuli, yaani Septemba hadi Novemba, ni ya jeoneo, kaa dume, na kamba wakubwa wanaochomwa juu ya chumvi ya mawe. Baridi ikishika, kula chaza, hasa wa Tongyeong, na bangeo, samaki wa ukoo mmoja na kolekole wetu, ambaye kadiri alivyo mkubwa ndivyo alivyo mtamu. Kaa wa miguu mirefu anayeitwa daege, maarufu Yeongdeok na Uljin, huvuliwa majira ya baridi mpaka masika.

Kuna na miiko ya sheria. Kkotge hawavuliwi kuanzia 21 Juni hadi 20 Agosti, ili wazae. Daege jike haruhusiwi kuvuliwa wakati wowote. Kwa hiyo ukiambiwa katikati ya Julai kwamba kkotge ametoka baharini asubuhi ya leo, msifu muuzaji kwa ukarimu wake na uendelee na safari.

Hatua ya 3: Mbele ya tangi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopotea.

Usisimame kwenye tangi la kwanza. Wauzaji wa mlangoni watakuita, watakushika mkono, watamtoa kaa mkubwa na kumning'iniza mbele ya macho yako. Tabasamu, inamisha kichwa kidogo, pita. Zunguka sakafu nzima mara moja bila kununua, ukiuliza bei ya kilo ya samaki mmoja tu katika meza tatu au nne. Swali ni hili: 킬로에 얼마예요? Litamke kilo-e olmayeyo. Hata bila kujua neno jingine, muuzaji ataandika namba kwenye kikokotoo. Ukishapata namba tatu, unajua soko liko wapi siku ile.

Samaki wa kuanzia ni gwangeo, samaki bapa wa jamii ya gayogayo. Anafugwa kwa wingi Jeju na Wando, bei yake haiyumbi sana, na nyama yake nyeupe haina shombo. Wapo samaki bapa wengine wanaofanana naye, na Wakorea wana njia yao ya kuwatofautisha: mtazame akiwa amekuelekea uso. Macho yakiwa upande wako wa kushoto, ni gwangeo; yakiwa kulia, ni dodari. Sasa mwombe muuzaji amgeuze. Tumbo jeupe tupu ni dalili ya aliyevuliwa baharini. Likiwa na mabaka meusi au ya kijani, huyo amefugwa au amekuzwa kwanza bwawani. Wa kufugwa si mbaya hata kidogo, mimi namla kwa raha, ila usimlipe kwa bei ya wa bahari.

Kisha soma kibao. Sheria inataka muuzaji aonyeshe asili ya samaki: 국산 ni wa Korea, 일본산 wa Japani, 중국산 wa China, 러시아산 wa Urusi. Kaa wale wakubwa mno wenye miba, wanaowavuta wageni kupiga picha, kwa kawaida wametoka nje ya nchi, na mmoja wao anaweza kumaliza fedha ya chakula ya wiki. Ukimtaka, mtake ukiwa na watu wanne au watano wa kuchangia.

Mizani sasa. Samaki anatolewa na wavu, anatiwa kwenye kikapu cha plastiki, kikapu kinawekwa juu ya mizani. Mara yangu ya kwanza, muuzaji mmoja alipima samaki, kikapu na maji kwa pamoja, akataja jumla haraka haraka, nami nikalipa. Tangu siku ile nasema sentensi moja kabla mtu hajagusa wavu: 물 빼고 달아 주세요, mul pego tara juseyo, toa maji kisha upime. Subiri maji yachuruzike. Tazama mizani inasoma ngapi kikapu kikiwa kitupu. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Wengi watainua kikapu na kukionyesha wenyewe.

Kumbuka pia kwamba kilo unayolipia si kilo utakayokula. Gwangeo hutoa minofu karibu nusu ya uzito wake. Urok, samaki mweusi wa miambani mwenye kichwa kikubwa, hutoa theluthi au zaidi kidogo. Ndiyo sababu urok anaonekana rahisi kwenye kibao halafu sahani inafika ndogo. Gwangeo wa kilo 2 anawatosha watu watatu au wanne, wakiwa na mchuzi na wali.

Kabla ya kukubali, uliza jumla ya kila kitu: 다 합쳐서 얼마예요? Ta hapchoso olmayeyo? Hapo ndipo unapoomba nyongeza. Neno lao ni sobiseu, na sokoni ni desturi njema kabisa, kama bakshishi ya muuzaji wa machungwa anayekuongezea moja. Watakutupia kipande cha jongoo bahari, au meongge, mnyama wa rangi ya chungwa mwenye ngozi ya vinundu kama nanasi, ambaye ladha yake ni bahari yenyewe.

Mkishakubaliana, usiondoke. Mfuate samaki wako kwa macho mpaka kwenye ubao wa kukatia. Sababu moja ni kuhakikisha habadilishwi. Sababu nyingine ni kwamba kazi ile inapendeza kuitazama. Mama niliyezoea kununua kwake Jagalchi humaliza gwangeo kabla sijatoa pochi: kisu nyuma ya kichwa, damu inatiririshwa, mkato mmoja kando ya uti, minofu minne inaachana na mifupa, ngozi inabanduliwa kwa mvuto mmoja kama karatasi iliyoloa. Halafu anaizungushia minofu kitambaa safi na kuikamua kwa viganja vyote viwili ili maji yatoke. Ni pale pale kwenye kitambaa nyama inapopata ule ugumu mtamu Wakorea wanaoupenda, unaopingana na meno kidogo kabla ya kukubali.

Mwambie akufungie kichwa na mifupa. Ni mali yako, na utaihitaji.

Hatua ya 4: Ghorofani

Muuzaji atakuelekeza kwenye chojangjip, mkahawa usiouza samaki. Unauza nafasi, sosi, majani na moto. Utalipa ada ya meza kwa kila kichwa, kwa kawaida won elfu chache, kisha ada ya upishi kwa kila kitu kitakachopikwa: kuchemsha mchuzi, kuanika kaa kwa mvuke, kuchoma kamba. Bei hizi hubandikwa ukutani. Zisome kabla ya kukaa, au zipige picha na simu izitafsiri. Huna wajibu wa kwenda kwenye mkahawa ambao muuzaji amekuonyesha.

Kwenye hwetjip ya kawaida hakuna mizani, kuna menyu. Sahani zina saizi tatu: 소 ndogo, 중 ya kati, 대 kubwa. Watu wawili waagize ndogo. Ukiona neno 시가 mahali pa bei, maana yake bei ni ya siku hiyo, na hapo uulize namba kabla ya kuagiza. Usione haya. Wakorea wenyewe huuliza.

Kabla ya kula: afya, halali na mzio

Samaki mbichi wa baharini aliyekatwa mbele yako, mahali penye wateja wengi, ni chakula ambacho mamilioni ya watu hukila bila shida. Hata hivyo si cha kila mtu. Miezi ya joto maji ya bahari huzaa bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, naye huwaua watu wenye ugonjwa wa ini na wale ambao kinga yao imedhoofika. Ukiwa na maradhi ya ini, kisukari kisichodhibitiwa, au ukiwa mjamzito, kula vilivyopikwa, hasa kiangazi. Pombe haiui bakteria huyo, wala pilipili. Chaza wabichi nao wana virusi vyao vya kuharisha wakati wa baridi. Mimi nawapenda zaidi wakichomwa.

Samaki wa mtoni asiliwe mbichi kamwe, hata mwenyeji akikusihi. Mabonde ya mito Nakdong na Seomjin yanajulikana kwa minyoo ya ini inayotokana na samaki wabichi wa maji baridi. Na ukiona 복, huyo ni bunju. Watu wa mwambao tunamjua bunju kwa sumu yake, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Korea anapikwa na mpishi mwenye leseni ya kazi hiyo pekee. Mkahawa wenye leseni ni salama. Rafiki aliyemvua mwenyewe na kutaka kumpika nyumbani kwake, mkatalie.

Kwa Waislamu, mkahawa wa samaki ni nafuu kubwa katika nchi yenye nguruwe kila kona. Lakini tazama pembeni: baadhi ya vyakula vidogo vina soseji au nyama ya nguruwe, na wapishi hutia mvinyo wa kupikia ili kuondoa shombo. Onyesha simu yenye maneno haya kabla ya kuagiza: 돼지고기와 술은 넣지 마세요, msitie nguruwe wala pombe. Ukitaka uhakika kamili, mitaa iliyozunguka msikiti mkuu wa Seoul huko Itaewon, uliofunguliwa 1976, ina mikahawa ya halali, ingawa kwa samaki wabichi itabidi utoke nje ya hapo na uulize.

Mwenye mzio wa kamba na kaa ajue kwamba kimchi nyingi hutiwa kamba wadogo waliochachushwa kwa chumvi. Andika hivi: 갑각류 알레르기가 있어요.

Hatua ya 5: Kula

Vijiti na vijiko mara nyingi vimo kwenye droo ndogo ubavuni mwa meza. Wengi hukaa dakika kumi wakisubiri kuletewa. Maji mara nyingi unajichotea mwenyewe. Ukihitaji mhudumu kuna kengele mezani. Kama haipo, inua mkono na useme yogiyo. Mama mwenye mkahawa mdogo huitwa imo, yaani mama mdogo, dada wa mama. Neno hilo limewahi kuniongezea sahani nzima ya kimchi na tabasamu juu yake.

Vyakula vidogo vinavyotangulia ni bure na huongezwa ukiomba, isipokuwa vile vikubwa kama samaki wa kuchoma. Usijishibishe navyo, lakini supu ya mwani usiiache. Zanzibar tunalima mwani na kuusafirisha. Huku mama aliyejifungua hunyweshwa supu yake kwa wiki kadhaa, na kila mtu huinywa siku yake ya kuzaliwa.

Sahani ya samaki ikifika, utaona vipande vyeupe vinavyopitisha mwanga, vimepangwa juu ya kitanda cha nyuzi za figili. Wakorea huita hwe (회). Kipande cha kwanza kile na sosi ya soya tu, ili umjue samaki. Cha pili kichovye kwenye chojang, sosi nyekundu ya pilipili, siki na sukari. Aliyelelewa na pilipili ya ukwaju ataikaribisha kama ndugu: ukali, uchachu na utamu kwa pamoja. Ni nzito, kwa hiyo gusisha ncha tu, usizamishe.

Cha tatu ndicho chenyewe. Weka jani la letusi kwenye kiganja cha kushoto. Juu yake jani moja la kkaennip, lenye meno pembeni na harufu kali inayokaribia mnanaa. Vipande viwili vya samaki. Kipande chembamba cha kitunguu saumu kibichi, kimoja cha pilipili kijani. Tia samjang, uji mzito wa soya uliochachushwa, kiasi cha punje ya kunde. Kunja kingo zote mpaka liwe donge, tia mdomoni zima. Usiling'ate nusu, litamwagika kifuani, na kwao si adabu. Kwa hiyo tengeneza dogo. Saumu inachoma kwanza, jani linapoza, samaki anakuja mwisho, baridi na mtamu. Mwenyeji wako akikutengenezea lake na kukulisha kwa mkono, fungua mdomo upokee. Ni upendo, sawa na sisi tunavyowekeana nyama mbele kwenye sinia.

Sannakji, pweza mdogo aliyekatwa punde, ataletwa na mtu fulani tu. Vipande bado vinajikunja juu ya sahani, na mumunyo zake zinashika. Watu wamekufa kwa kukabwa na vipande hivi kooni, kwa hiyo ukiamua kula, chovya vizuri kwenye mafuta ya ufuta yenye chumvi, kula kipande kimoja kimoja, tafuna mpaka kitulie kabisa ndipo umeze. Usile ukicheka, usile umelewa, usimpe mtoto. Na kama moyo unakataa chakula kinachotikisika, kataa bila aibu na uagize yonpotang, supu nyepesi ya pweza huyo huyo. Mtu wa Tanga au Unguja aliyezoea supu ya pweza jioni atajiona yuko nyumbani.

Ikiwa hukula mbichi kabisa, wala hujapoteza safari. Samaki wa kuchoma ni kitu kikubwa huku: godeungeo, ndugu wa vibua wetu, ananyunyiziwa chumvi na kuchomwa mpaka ngozi inapasuka. Kombe za makaa ni raha nyingine. Utapewa glavu na koleo. Kaa mbali kidogo na moto, kwa maana magamba hulipuka na kurusha vipande, na gamba likifunguka mnywe maji yake kwanza kabla ya nyama. Kamba wa juu ya chumvi, ukishamla mwili, rudisha kichwa jikoni wakukaangie na siagi.

Ganjang gejang inastahili sentensi zake. Ni kaa mbichi aliyelowekwa siku kadhaa kwenye sosi ya soya, nyama yake laini kama jeli. Tia wali moto ndani ya gamba lake, changanya na mafuta na mayai yaliyomo, kula kwa kijiko. Wakorea huiita mwizi wa wali, kwa sababu bakuli huisha hujui limekwenda wapi.

Hatua ya 6: Mchuzi wa mwisho

Nyama ikikaribia kuisha, dai mifupa yako. Kichwa na uti vinapikwa na figili, unga wa pilipili, saumu na majani, sufuria ikichemka katikati ya meza: meuntang (매운탕). Usipopenda ukali sema 지리 (jiri), upikiwe mweupe. Uache uchemke muda mrefu kuliko unavyodhani. Dakika ishirini na kuendelea ndipo mifupa inatoa utamu wake. Agiza wali. Mashavu ya kichwa ni ya mkubwa wa meza, na ukimwekea mzee bila kuambiwa, umeshajieleza wewe ni mtoto wa nani.

Hatua ya 7: Adabu na malipo

Mkubwa aanze kula kwanza. Usisimamishe vijiti ndani ya wali, hivyo hufanyiwa marehemu. Ukimiminiwa kinywaji, pokea kwa mikono miwili, na usijimiminie mwenyewe. Mmiminie jirani naye atakurudishia. Asiyekunywa pombe aombe saida, soda ya limau, na aipokee kwa mikono miwili vilevile. Hakuna atakayekudharau.

Malipo ni kaunta karibu na mlango, si mezani. Hakuna bakshishi kwa mhudumu, ukiiacha atakukimbilia barabarani kukurudishia. Sokoni kumbuka kuna bili mbili, ya muuzaji wa chini na ya mkahawa wa juu. Kadi zinakubalika karibu kote, lakini noti chache mfukoni husaidia unapojadiliana bei tangini. Hesabu watu mliokuwepo na ada ya meza iliyoandikwa. Ikizidi, onyesha kwa kidole kwa upole na watarekebisha.

Ukivaa viatu mlangoni, mgeukie imo useme chal mogossumnida, nimekula vizuri. Kisha shuka chini umpitie yule mama wa tangini. Mwambie samaki alikuwa mtamu. Safari ijayo atakukumbuka, na kikapu chake kitakuwa kimeshachuruzika maji kabla hujasema neno.